Anayesimulia vizuri ndiye anayeondoka na shamba

Mjumbe wa Baraza la Kata akikwambia kwamba kazi yake ni kupima ushahidi, mwitikie kwa adabu, lakini usimwamini sana. Mimi ni mjumbe, nasema nikijua. Tunachopima pale ofisi ya kata ni simulizi. Ushahidi huja nyuma yake, na ukifika hukuta wajumbe wameshaelemea upande.

Nilifundisha shule ya msingi hapa hapa wilayani Muheza mpaka nikastaafu. Wanakijiji wakasema Mwalimu asikae bure, wakapeleka jina langu kwenye Kamati ya Maendeleo ya Kata, nikajikuta barazani. Kwa msiotufahamu: sheria inataka wajumbe wasiopungua wanne na wasiozidi wanane, na watatu kati yao wawe wanawake. Hatuna majoho. Tuna kaunta buku, muhuri, kidau cha wino kwa wasiojua kusaini, na benchi ambazo baada ya saa mbili zinakukumbusha umri wako. Mashauri yetu karibu yote ni ya ardhi. Mpaka umesogea, mirathi haikugawanywa, njia imezibwa na mtu aliyejenga choo katikati yake.

Na ardhi ya huku kwetu, kwa sehemu kubwa, haina karatasi. Shamba la babu halina hati, lina watu wanaolikumbuka. Kwa hiyo mtu akija na shauri lake huja na maneno, na watu wawili watatu wa kumwunga mkono, nao wana maneno. Sisi tunakaa kusikiliza. Hapo ndipo mchezo wote ulipo.

Nitoe shauri moja. Nimebadilisha vitu vichache ili wenyewe wasijulikane.

Mlalamikaji alikuwa kijana wa miaka thelathini na kitu, dereva wa bodaboda, shati limepigwa pasi mpaka mikunjo inasimama. Akaamkia, "Shikamooni wazee wangu," akaomba ruhusa ya kusimama, akaanza. Babu yake alifyeka pori lile mwaka 1974, wakati watu wanahamishiwa vijijini. Akapanda minazi pembezoni upande wa bondeni kuonyesha shamba lake linaishia wapi. Akatokea jirani hana pa kulima. Babu akamwonea huruma, akamwazima kipande cha ndani ya ile minazi apate kupanda mihogo. Babu akafariki. Jirani naye akafariki. Mjane wa jirani akaendelea kulima, watu wakanyamaza kwa kumstahi, na sasa amefika mahali pa kuangua nazi na kuuza kama mwenye mali. Kijana akatutazama mmoja mmoja. "Wazee wangu, mtu akiazimwa jembe, mwenye jembe akifa, jembe si linarudi kwa watoto wake?"

Nilimwona mwenyekiti anatikisa kichwa taratibu. Hakujua kama anatikisa.

Akasimama bibi, mlalamikiwa. Alivaa kanga ya heshima, ya kutokea, na alikuwa anatetemeka mikono. Akaanza na mbuzi. Mbuzi wake alikufa. Mwenyekiti akauliza mbuzi gani. Yule mwenye mabaka. Kutoka kwa mbuzi akaruka mpaka siku aliyoolewa, akitokea Pongwe, na jinsi mama mkwe alivyompokea. Kutoka hapo akaenda kwa mwanawe wa kiume aliyeko Dar ambaye hampigii simu. Akarudi kwenye mbuzi. Katikati ya mbuzi na nauli ya basi akasema, kama kitu cha kupita tu, kwamba mwaka ule baba yake huyu kijana alipokuwa anaezeka nyumba yake alikuja kwake kuomba makuti, "na mimi nikampa, sikumnyima, hata hela sikutaka."

"Bibi, njoo kwenye hoja," mwenyekiti akasema.

"Naja, baba. Ngoja nirudi nyuma kidogo."

Sasa jamani. Kama minazi ni ya babu wa kijana, mtoto wa huyo babu anakwenda kuomba makuti kwa nani? Lile ndilo lilikuwa neno zito kuliko yote yaliyosemwa asubuhi ile, na lilipita. Katibu hakuliandika. Si kwa ubaya. Halikuwa na pa kukaa. Lilisemwa baada ya mbuzi na kabla ya basi, na sikio la mtu aliyekwisha kumsikia kijana lilikuwa linangoja kujua kama bibi atakubali au atakataa kwamba shamba waliazimwa. Lisilojibu hilo lilikuwa ni kelele.

Tulipotoka kunywa chai, wajumbe wenzangu walikuwa wamemaliza. Yule kijana anajieleza. Bibi anababaika, na mtu mwenye haki yake hababaiki. Maneno haya ya mwisho nimeyasikia barazani mara nyingi kiasi kwamba sasa yakisemwa huweka kikombe chini. Mtu mwenye haki yake hubabaika sana. Hubabaika kwa sababu hakuwahi kudhani iko siku ataulizwa. Aliyekaa kwenye shamba lake maisha yake yote hakuwa na sababu ya kulitungia maelezo. Mwenye kulitaka ndiye anayelala akipanga maneno.

Mchana tukaenda kuona eneo. Palikuwa na mkwezi anaangua nazi shamba la jirani. Mjumbe mmoja akamwita, kwa utani tu, akamwuliza ile minazi ina umri gani. Wakwezi hawahitaji karatasi. Mnazi wetu mrefu hutoa kuti jipya karibu kila mwezi, na kuti likianguka huacha kovu kwenye shina, kwa hiyo shina lenyewe ni daftari. Akaupitishia mkono mmoja, akautazama juu, akauhamia wa pili. "Hii? Hii haijafika miaka ishirini na tano." Akaambiwa wenyewe wanasema ni ya mwaka sabini na nne. Akacheka. "Mnazi wa sabini na nne mie nisingeupanda kwa bei hii ninayolipwa."

Babu alifariki miaka ya themanini. Kwa hesabu ya mkwezi, asingeweza kuipanda.

Kilichofuata ndicho kilichonifanya niandike haya. Kijana alikuwa kimya, ametazama viatu vyake. Hakusema neno. Aliyesema ni mjumbe mwenzetu, mzee mwema kabisa ambaye hata soda ya mtu hanywi: "Si ajabu ile ya kwanza ilikufa, mwanawe akapanda mingine pale pale." Wa pili akadakia, "Huenda ni ule mwaka wa ukame." Kijana akainua uso. "Ndivyo ilivyokuwa, wazee wangu."

Kabla hatujafika barabarani, minazi ya kwanza iliyokufa kwa ukame ilikuwa ni jambo linalojulikana. Wajumbe walikuwa wanaitaja kama waliiona. Hakuna aliyehongwa, hakuna aliyemchukia bibi. Simulizi ilikuwa imepata ufa, na wasikilizaji wakaukandika wenyewe, bila kuombwa, kwa sababu walishahamia ndani yake.

Nilirudisha suala la makuti, bibi akarudia vile vile, na balozi wa nyumba kumi wa zamani akakiri kwamba yule baba kweli aliomba. Tukapiga kura, maana wakati huo tulikuwa bado tunaamua, uamuzi ukatoka. Siutaji hapa. Nimegundua nikiutaja watu husahau yote ya katikati, wanabaki kuniuliza ni nani hasa alikuwa mwongo, na kijana yule sidhani kama alikuwa mwongo. Nadhani alisimulia alichosimuliwa.

Binti yangu anasoma sheria. Nilipomweleza kwenye simu akasema, "Mama, hilo watu wamelifanyia majaribio." Akanitafutia. Watafiti wawili wa Marekani, Nancy Pennington na Reid Hastie, walichapisha mwaka 1988 jaribio la namna hii. Walichukua kesi ya mtu aliyeshtakiwa kwa kuua baada ya ugomvi uliotokea baa. Watu wakapewa ushahidi wa pande zote mbili, wakaambiwa waamue kana kwamba ni wazee wa baraza. Ushahidi ulikuwa ule ule kwa wote. Kilichobadilishwa ni mpangilio. Upande mmoja uliwekewa ushahidi wake kwa mfuatano wa matukio, hili likatokea, kisha hili, na upande wa pili uliwekewa wake kwa kufuata shahidi baada ya shahidi, kila mmoja anamwaga alilo nalo, huyu la mwanzo na la mwisho, yule la katikati.

Ushahidi wa mashtaka ulipopangwa kama simulizi na wa utetezi ukaachwa kishahidi-shahidi, waliosema ana hatia walikuwa asilimia 78. Ulipogeuzwa, utetezi ukapata mfuatano na mashtaka yakavurugwa, walikuwa asilimia 31. Maneno yale yale, kisu kile kile. Mtu yule yule anakwenda jela au anarudi nyumbani kwa sababu ya nani alipangiwa maneno yake.

Nilipoisoma hiyo nilimkumbuka bibi na mbuzi wake. Yeye alikuwa shahidi-shahidi peke yake, ndani ya mdomo mmoja.

Kwa nini tuko hivi, sidhani ni uvivu wa akili. Akili haiwezi kuvumilia vitu vilivyokaa kando kando bila kuvifunga. Mwaka 1944, Fritz Heider na Marianne Simmel waliwaonyesha watu filamu fupi ya maumbo: pembetatu kubwa, pembetatu ndogo, duara dogo, na kisanduku chenye upande unaofunguka kama mlango. Maumbo yanasogea, yanaingia, yanatoka. Basi. Kundi la kwanza la watazamaji 34 wakaambiwa waandike kilichotokea. Mmoja tu ndiye aliyeandika habari za pembetatu na duara zinazosogea. Waliobaki waliona viumbe wenye nia na hasira zao. Pembetatu kubwa ni mkorofi, wale wadogo wanamkimbia. Watu wazima na akili zao, wanalionea huruma duara.

Kama duara linapata mkosaji na mwonewa, mstari wa minazi utakosaje?

Na tukishakuwa na simulizi, tunairekebisha ikae tunavyojua dunia inavyokaa. Frederic Bartlett, wa Cambridge, alieleza katika kitabu chake cha 1932 jinsi alivyowapa Waingereza ngano ya wenyeji wa asili wa Amerika Kaskazini, yenye mizimu inayokwenda vitani, kisha akawataka waisimulie tena na tena baada ya muda. Mitumbwi ikageuka boti. Waliokwenda kuwinda sili wakawa wamekwenda kuvua samaki. Yasiyoeleweka yakadondoka njiani, na pengo likazibwa kwa sababu za Kiingereza. Walimu wenzangu hili si geni kwenu. Mpe mtoto wa darasa la tatu ngano ya Sungura na Fisi, mwambie amsimulie mwenzake, na yule amsimulie mwingine. Jioni utapata Fisi ana pikipiki.

Ninachokiona mimi, kwa kuwa shauri la ardhi hupanda ngazi, ni jinsi linavyonyooka kila likipanda. Nimewahi kumsikia mtu mmoja akieleza jambo lake kwa balozi, jirani tu wanaongea barazani kwake, na ilikuwa ni fujo kama ya bibi: tarehe zinagongana, watu wanakufa kabla ya kuzaliwa, "subiri, nimeruka." Alipofika kwa mwenyekiti wa kitongoji, fujo ilipungua nusu. Serikali ya kijiji ilimsikia akieleza kwa mfuatano. Alipotufikia sisi alikuwa na mwanzo, kati na mwisho, na mahali pa kushusha sauti. Kila aliyemsikiliza njiani alimwuliza "ehe, ikawaje?" na kwa kuulizwa hivyo akajifunza kipi kinapendeza na kipi kinachosha. Yale yanayochosha aliyaacha nyuma. Sisi tukamsifu kwamba ana kumbukumbu nzuri. Kwa jinsi ninavyoona, alikuwa na kumbukumbu mbaya kuliko siku ya balozi, ila ilikuwa imepigwa pasi.

Kisha kuna kaunta buku. Katibu wetu ni hodari na mwandiko wake unasomeka, lakini mkono wake haukubali vipande. Siku moja mama mmoja alisema: mwaka ule mume wangu aliumwa, mwaka ule jirani aliweka uzio. Vitu viwili, kila kimoja na siku yake. Niliposomewa mwenendo wa shauri nikakuta, "mume wa mdaiwa aliumwa, ndipo jirani akaweka uzio." Tayari tuna jirani aliyengoja mwanaume augue. Mama mwenyewe hakusema hivyo, na pengine hakuwaza hivyo mpaka aliposomewa, akaitikia, "Ndiyo, ndivyo." Anayekuja kusoma lile buku huko wilayani hatajua kwamba uovu wa yule jirani ulizaliwa kwenye ncha ya kalamu.

Wanaoumia zaidi na mambo haya unaweza kuwabashiri. Wajane. Wazee. Wanawake ambao nyumbani mwao hawajawahi kuachiwa wamalize sentensi, kwa hiyo wamezoea kusema kipande upesi kabla hawajakatwa, na kuanza upya pengine. Mtu aliyesikilizwa tangu utotoni anakuja anajua kwamba ana muda, anajenga. Asiyesikilizwa anarusha. Tunaita hiyo tofauti ya ukweli na uongo, wakati ni tofauti ya malezi.

Wenzangu wananitania kwamba Mwalimu amechukia hadithi. Nitachukiaje, nami nimekula mshahara kwa hadithi? Mtoto hakumbuki kanuni ya usafi wa maji, lakini umsimulie juu ya familia iliyochota maji bila kuyachemsha, atakuuliza mwaka mzima kama yule mtoto alipona. Watoto tukiwafungulia kwa "hadithi hadithi," wao wenyewe wanaitikia, "hadithi njoo, uongo njoo, utamu kolea," na hakuna anayedanganywa, maana wote wamekubaliana wanakaribisha nini. Barazani ndiko tunakaribisha kitu hicho hicho bila kuitikia.

Wa rika langu mtaukumbuka mchezo wa redio Twende na Wakati, ulioanza Radio Tanzania mwaka 1993, mara mbili kwa wiki. Ulikuwa na Mkwaju, dereva wa lori, mwenye mwanamke kila kituo anachosimama, na mkewe Tunu aliyechoka mwishowe akajitafutia kipato chake. Ofisi ya walimu saa ya mchezo ule ilikuwa haisahihishi madaftari. Tulijua ni mchezo, tulijua umetungwa tupate kujifunza uzazi wa mpango na kujikinga na UKIMWI, na bado watu walimtukana Mkwaju kama shemeji yao. Mitaani mwanaume mzinzi akaanza kuitwa Mkwaju. Eneo la Dodoma halikurushiwa mchezo huo mpaka mwaka 1995, ili watafiti wapate pa kulinganishia, na kwenye matokeo yao yaliyochapishwa 1999 waliona kwamba waliokuwa wakisikiliza walijadiliana zaidi na wenzi wao na kutumia uzazi wa mpango zaidi. Hotuba za mabwana afya zilikuwepo miaka yote. Mkwaju alifanya ambacho hotuba haikufanya: alimpa mke neno la kumwambia mumewe bila kumtaja mumewe.

Jirani zetu Rwanda wametupa somo lililo karibu zaidi na baraza. Nchi ile redio ilishatumika kuchochea watu wauane, na mwaka 2004 ukaanza mchezo wa redio uitwao Musekeweya, wa vijiji viwili vinavyogombana na vijana wanaokataa ugomvi huo. Mtafiti Elizabeth Levy Paluck aliweka makundi yanayosikiliza mchezo ule kwa mwaka mzima, na mengine yanayosikiliza mchezo mwingine wa mambo ya afya. Matokeo yake, ya mwaka 2009, hayakuwa yale ya kurukia. Imani za watu moyoni hazikubadilika sana. Kilichobadilika ni walivyodhani wenzao wanaishi na kuenenda, na vitendo vyao wenyewe. Mwishoni makundi yalipewa redio ya kaseti. Waliosikiliza mchezo wa afya waliharakisha kusema ikae kwa kiongozi wa mtaa. Waliosikiliza Musekeweya walibishana, wakajadili namna ya kuitunza pamoja.

Hilo la wenzao nimelifikiria sana. Mjumbe wa baraza hasikilizi peke yake. Kijana anaposimulia, mimi nasikia na huku namwona mwenyekiti anatikisa kichwa, na kichwa chake kinaingia kwenye simulizi. Watu waliojaa dirishani nao wamo. Simulizi nzuri hukushika mara ya pili kwa kukuonyesha kwamba wengine imeshawashika.

Basi nini cha kufanya. Nimejaribu vitu vidogo, na baadhi wenzangu wamevikubali kwa shingo upande. Mtu akimaliza kujieleza, namwuliza lipi katika haya aliliona kwa macho yake. Swali hilo ni jepesi na linafanya kazi ya ajabu. Kijana wa minazi angeulizwa mapema, angebaki na nazi zilizoanguliwa mwaka ule, basi. Kuazimwa alisimuliwa, kufyeka alisimuliwa, kupanda alisimuliwa. Huenda yote ni kweli. Lakini tungejua tunashika nini. Jambo la pili, kwa wale wanaorusha vipande, naandika kila kipande kwenye mstari wake, mbuzi na makuti na nauli, nikiacha nafasi katikati, na sifungi kipande na kingine mpaka mwenyewe afunge. La tatu ni la kwenda shambani kwanza, kabla hatujasikia neno la mtu. Hili mwenyekiti alilikataa muda mrefu. Alisema ukimpeleka mtu shambani kabla hajasema, ataona umemdharau. Mtu amekuja na dukuduku, mwache alitoe.

Na hapo ana haki, lazima niseme. Tangu sheria ilipobadilishwa mwaka 2021 hatutoi tena hukumu za ardhi. Tunasuluhisha, na tukishindwa ndani ya siku 30, mwenye shauri anakwenda Baraza la Ardhi na Nyumba la Wilaya. Katika usuluhishi nimeona mtu aliyekuja na panga la maneno akilegea kwa sababu tu kwa mara ya kwanza amesimulia mpaka mwisho bila kukatizwa. Hakupewa chochote. Kasikilizwa.

Tena usuluhishi umenionyesha kitu ambacho bado sijui nikiweke wapi. Walikuja ndugu wawili, baba mmoja mama mmoja, wanagombea njia ya kwenda mtoni. Mkubwa anasema baba aliifunga njia ile mwenyewe. Mdogo anasema baba aliifungua kwa ajili ya mama. Wamelumbana mpaka jioni. Shangazi yao, aliyeletwa kama shahidi wa mkubwa, akasema tu, "Kaka aliacha njia ile ili watoto wake wote wafike mtoni." Wakanyamaza. Hakuna aliyewahi kusema hivyo, si mkubwa wala mdogo, na shangazi mwenyewe nilipombana pembeni hakuweza kuniambia ni lini kaka yake alitamka maneno hayo. Nadhani yule mzee aliacha njia kwa sababu ng'ombe walikuwa wanapita pale. Lakini maneno ya shangazi ndiyo yaliyoandikwa kwenye makubaliano, wote wawili wakasaini, na njia iko wazi. Lile swali langu la macho yako nililikalia. Ningeliuliza siku ile, njia ingekuwa imezibwa mpaka leo.

Wenzangu waliposikia nimenyamaza walicheka sana, na mwenyekiti akaitumia nafasi hiyo kufanya biashara. Wiki ijayo tuna shauri la kisima, pande mbili, kila upande una msemaji hodari. Amekubali tuanzie kisimani, hotuba baadaye, kwa sharti kwamba chai ya siku hiyo itatoka kwangu.